Nani Atakisoma Hicho Kisanduku?

Kwa wasomaji wageni wa safu hii: mimi ndiye yule mama anayekaa kwenye meza ya mlangoni tukio linapoanza, orodha ya majina mkononi, kalamu sikioni. Mwaka wa 14 huu. Fomu mbovu ya usajili huniumiza mimi kwanza, maana aliyeshindwa kuijaza huja kunisimulia mimi, huku foleni inarefuka nyuma yake. Mwezi huu barua zenu karibu zote zimehusu kujisajili mtandaoni. Nimechukua nne.

*Shikamoo mama. Mimi ni katibu wa kamati inayoandaa kongamano la siku mbili. Fomu yetu ina maswali 27. Watu 412 wameifungua, waliomaliza ni 96. Mwenyekiti anasema tuongeze matangazo. Mimi naona tatizo ni fomu yenyewe, lakini kila swali lina mjumbe anayelitetea. Nifanyeje?*
*Katibu Aliyebanwa*

Marahaba mwanangu. Mwenyekiti wako anataka kuchota maji kwa pakacha. Hao 316 waliokimbia walishaliona tangazo, wakalipenda, wakabofya. Kilichowafukuza ni walichokikuta ndani.

Chapisha fomu yote kwenye karatasi. Kikao kijacho mpe kila mjumbe kalamu, mwambie aandike jina lake pembeni ya swali analolitaka, kisha aandike siku atakayolisoma jibu na atakachofanya nalo. Neno "tutalihitaji" halikubaliki. Jina, siku, kazi. Swali lisilo na mwenyewe linatoka siku hiyohiyo.

Nilifanya hivyo na kamati moja iliyokuwa na maswali 31. Tulipofika kwenye "Ulipataje habari za tukio hili?" ikagundulika majibu ya miaka mitatu yalikuwa yamelala, hakuna aliyewahi kuyafungua. Namba ya pasipoti je? Aliyeiweka alikuwa amenakili fomu ya tukio lingine, la watu waliokuwa wakisafiri. Mwaka wa kuzaliwa? "Kwa ajili ya takwimu." Takwimu anazitaka nani? Kimya. Tukatoka na maswali 9, na mjumbe mmoja amenuna.

Yanayobaki huwa yaleyale: jina kama mtu anavyotaka lisomeke kwenye beji, njia moja ya kumpata, si tatu, vikao atakavyohudhuria, kwa kuwa vyumba vina viti vya kuhesabika, asichokula, kwa kuwa mpishi ataniuliza, na anachohitaji ili aweze kuingia na kushiriki. Hilo la mwisho usiliwekee orodha tu ya kuchagua. Mwachie nafasi aandike mwenyewe. Niliwahi kusoma: "Nasikia kwa sikio la kulia, niketisheni upande wa kushoto wa ukumbi." Hakuna orodha ambayo ingekisia hilo, na kumpangia kiti hakukutugharimu hata dakika.

Mjumbe akishupaa, mletee sheria. Kanuni ya Ulaya ya kulinda taarifa binafsi, iliyoanza kutumika tarehe 25 Mei 2018, inakutaka ukusanye zile tu unazozihitaji kwa kazi uliyoitaja, na nchi nyingi zina sheria zinazosema hivyohivyo. Namba 96 za pasipoti zikikaa kwenye kompyuta yako bila kazi ni mzigo; siku zikivuja, atakayeitwa kujieleza ni wewe katibu. Kile kisanduku cha "nitumieni matangazo" nacho kisije kimeshatiwa tiki. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua tarehe 1 Oktoba 2019 kwamba tiki uliyomwekea mtu si ridhaa yake.

Hukuuliza, ila nimehisi: fomu yenu inamlazimisha mtu afungue akaunti na kutunga nywila? Iondoe. Nywila ya tukio la siku mbili!

Kuhusu majina nina dhambi ya kuungama. Fomu ya kwanza niliyoitengeneza mimi ilikuwa na visanduku viwili, "Jina la kwanza" na "Jina la ukoo", vyote vya lazima. Asubuhi ya tukio akafika bwana mmoja mpole, nikatafuta beji yake, nikaikuta: jina lake zuri kwa herufi kubwa, na chini yake nukta. Nukta tu, imechapwa nono kama shina la embe lililokatwa. Ana jina moja, basi. Fomu ilimkatalia mara mbili, mara ya tatu akaipa nukta ikanyamaza. Akaivaa ile beji siku nzima, na kila aliyemsalimia aliiuliza. Tangu siku ile fomu zangu zina kisanduku kimoja kirefu: "Jina lako kamili." Mwenye moja aweke moja, mwenye matano aweke matano.

*Habari za kazi dada. Nimetengeneza fomu ya warsha yetu. Kwenye kompyuta yangu inafanya kazi vizuri kabisa, lakini watu wanalalamika inawaambia "barua pepe si sahihi" ilhali wameiandika sawasawa. Wengine hawapati barua ya uthibitisho. Nimeongeza kisanduku cha kurudia barua pepe mara ya pili, hali ni ileile.*
*Fundi wa Kujitolea*

Nzuri ndugu yangu. Neno lililonishtua kwenye barua yako ni "kwenye kompyuta yangu". Wewe una skrini pana, kibodi ya vidole kumi, na unajua kila kisanduku kinataka nini kwa kuwa umekiweka wewe. Wenzako wamesimama, simu mkono mmoja, bando linakata.

Nitakuambia ugonjwa wa "si sahihi" karibu kwa hakika. Mtu anaanza kuandika anwani yake, simu inampendekezea iliyokamilika, anaigusa, na simu inaongeza nafasi tupu mwishoni. Haionekani. Programu yako inaiona, inakataa. Yeye anafuta, anarudia vilevile, simu inaweka nafasi ileile. Iambie programu ikate nafasi za mwanzoni na mwishoni kabla ya kukagua. Ni mstari mmoja wa kazi.

Ukiwa humohumo, kisanduku cha barua pepe kipe aina yake, "email", na cha simu "tel". Zipo kwenye HTML5, lugha ya kutengenezea kurasa za mtandao, iliyopitishwa rasmi na W3C, shirika la viwango vya wavuti, Oktoba 2014, na bado nakutana na fomu mpya zisizozitumia. Ukiweka hivyo, simu inaleta kibodi yenye @ mbele, au ya tarakimu tupu. Herufi za ndani ya visanduku zisipungue pikseli 16, la sivyo iPhone inaikuza skrini yenyewe na mtu anapoteza kitufe cha kutuma pembeni.

Namba ya simu ipokee ilivyo, na nafasi zake, mabano yake, na + yake. Kazi ya kusafisha ni ya mashine. Kwa E.164, mpango wa kimataifa wa namba za simu, namba haizidi tarakimu 15 pamoja na ile ya nchi, kwa hiyo kikomo unacho. Usibuni kifupi zaidi ukawafungia nje wageni.

Kisanduku cha kurudia kiondoe. Watu wananakili cha juu na kubandika chini, kosa linazaa pacha. Badala yake, wakishatuma, waonyeshe kwa herufi kubwa: "Tumekutumia barua kwenye anwani hii," na anwani yenyewe, na kitufe cha "Nimekosea, nirekebishe". Mtu akiona anwani yake imesimama peke yake ndipo jicho linashika kosa. Kwenye ukurasa huohuo weka namba yake ya usajili, apige picha skrini. Nusu ya wanaonifikia mlangoni huja na picha hiyo, wala barua hawakuifungua. Kama barua zinaishia kwenye barua taka, mwombe anayesimamia seva aangalie SPF na DKIM. Hizo ndizo zinazothibitisha kwamba barua imetoka kwenu kweli.

Ukimaliza, fanya jaribio moja ambalo silibadilishi kwa lolote. Mtafute mtu asiyehusika, mpe simu yake mwenyewe, mwambie "jisajili", kisha kaa nyuma ya bega lake ufunge mdomo. Tazama kidole gumba tu. Nilimfanyia hivyo jirani yangu. Alikwenda vizuri hadi tarehe ya kuzaliwa, ikafunguka kalenda ya mwezi huu, yenye kamshale kadogo ka kurudi nyuma mwezi mmoja mmoja. Ana miaka 63. Hiyo ni mibofyo 756. Alibofya kama 20 hivi, akanitazama, akaniuliza, "Wanataka nifike lini huko?" Nikamwambia hata mimi sijui, na kusema kweli hatukuwa hata na sababu ya kuiuliza tarehe hiyo. Tarehe ya zamani mtu aiandike kwa tarakimu. Kalenda ni ya kuchagulia siku za karibuni.

Na makosa yakitokea, usimwekee mtu "Kuna hitilafu" nyekundu juu na kumfutia alivyoandika vyote. Sema palepale kwenye kisanduku kilichokosewa nini kimekosekana na kiandikwe vipi, na mengine uyaache yalivyo. Nimewaona watu wazima wakitokwa machozi kwa kufutiwa.

*Salaam. Mimi sioni, natumia programu inayonisomea skrini. Juzi nilitaka kujisajili kwenye mkutano, fomu ikawa inanisomea "andika hapa, andika hapa, andika hapa". Mwishoni kulikuwa na picha za kuchagua. Nikaacha. Waandaaji wanasema fomu yao ni rahisi na inapendeza.*
*Msomaji wa Masikio*

Wa alaykum salaam. Samahani kwa niaba ya wenzangu wote wa fani hii.

Kinachokusumbua nakijua, na waandaaji wasome hapa. Wamekiacha kisanduku bila lebo, wakaandika ndani yake maneno ya kijivu hafifu, kwa kuwa yanapendeza. Maneno hayo hupotea mtu akianza kuandika, na hata anayeona akipigiwa simu katikati, akirudi hajui alikuwa anajibu nini. Lebo ikae juu ya kisanduku, ibaki hapo, na ifungwe nacho kwenye msimbo ili kisoma skrini kiitamke: "Jina lako kamili." Maandishi yawe na utofauti wa mwangaza wa angalau 4.5 kwa 1 na mandhari yake. Ndicho kipimo cha WCAG, mwongozo wa kimataifa wa kurasa zinazotumika na watu wenye ulemavu. Toleo lake la 2.2, la Oktoba 2023, limeongeza kwamba mtu asiulizwe tena kitu alichokwisha kukijibu kwenye safari ileile ya kujaza. Na kosa lisionyeshwe kwa rangi nyekundu peke yake.

Zile picha za kuchagua, kapcha, lengo lake ni kuzuia roboti. Kwa fomu ya tukio la kawaida kuna njia ya kistaarabu zaidi: kisanduku cha mtego. Watu hawakioni, roboti hujaza kila kinachokutana nacho, na fomu yoyote iliyokuja na mtego umejazwa inatupwa. Ila, waandaaji, sikilizeni kwa makini: mtego ufichwe hata kwa kisoma skrini. Ukifichwa kwa macho tu, huyu ndugu yetu atasomewa kisanduku, atakijaza kwa adabu, na mtamtupa pamoja na roboti bila kumwambia.

Nawe, mpaka watengeneze, uwatumie barua na uwaombe wakusajili wenyewe. Kila fomu inapaswa kuwa na namba au anwani ya mtu, si ya mashine, kwa aliyekwama.

*Mama, sisi tukio letu ni la mtandaoni, washiriki wako nchi nyingi. Kuna haja gani ya kuhangaika na saa kwenye fomu? Si tunaandika tu?*
*Mwandaaji Mwenye Haraka*

Tarehe andika mwezi kwa neno, kwa sababu 03/04 kwa wengine ni tarehe 3 Aprili na kwa wengine ni tarehe 4 Machi. Saa andika pamoja na UTC, ile saa ya pamoja ya dunia, kila mtu ajue pa kuanzia kuhesabu.

Na sisi tunaosema Kiswahili tuna mtihani wa ziada. Niliwahi kupanga semina ya saa 2 asubuhi. Kwenye tangazo nikaandika "saa 2 asubuhi", sahihi kabisa. Kisha nikaingia kwenye mfumo kujaza muda, kichwa bado kiko kwenye saa za kwetu, nikachagua 02:00. Mfumo ukawatumia wote waliojisajili faili la kalenda, wakalipokea kwenye simu zao kwa shukrani. Simu zikalia saa 8 kasorobo usiku: "Tukio lako linaanza baada ya dakika 15." Wawili waliingia. Mmoja alikuwa amevaa tai.