Maswali na Majibu: Mzee mwenye upara na upanga

Barua za safari hii karibu zote zinamhusu mtu mmoja: Paracelsus, tabibu na mwanaalkemia (mmoja wa wale waliotafuta kugeuza madini kuwa dhahabu na dawa) wa karne ya 16, ambaye picha zake za kuchapwa huuzwa zikiwa tayari kwenye fremu.

Nimenunua mnadani picha ya mzee mwenye upara aliyeshika mpini wa upanga kwa mikono miwili. Muuzaji kasema ni jemadari. Kweli? (Msomaji, Arusha)

Si jemadari, ni daktari. Ndiye Paracelsus, ambaye jina lake halisi ni Theophrastus von Hohenheim, mzaliwa wa Einsiedeln, Uswisi, mwaka 1493. Alikulia Villach, Austria, jirani na machimbo ya madini, na madini hayo hayakumtoka kichwani maisha yake yote. Aliandika kitabu kizima kuhusu maradhi ya wachimba migodi, kikachapwa 1567 wakati yeye alishafariki Salzburg tangu 1541.

Tazama juu ya picha. Ukikuta *Alterius non sit qui suus esse potest*, yaani asiwe wa mtu mwingine yule awezaye kuwa wa nafsi yake, basi asili yake ni mchongo wa kuchapwa wa msanii Augustin Hirschvogel wa 1540. Paracelsus alikuwa hai, ana miaka 47. Kwenye picha nyingine za baadaye mpini wa upanga umeandikwa *Azoth*, jina ambalo wanaalkemia waliipa zebaki.

Wangu ana kofia ya manyoya, kashika kitabu, na nyuma yake kuna majabali. Mbona hafanani na yule mwenye upara? (Msomaji, Dar es Salaam)

Huyo ni wa mchoraji Rubens, na mchoro wenyewe uko Brussels. Rubens alizaliwa 1577, miaka 36 baada ya Paracelsus kufa, kwa hiyo hakumwona hata siku moja. Alinakili mchoro wa zamani zaidi unaohusishwa na Quentin Massys, ambao asili yake imepotea. Nakala nyingine iko kwenye makumbusho ya Louvre, Paris. Kwa uzuri, wa Rubens hana mpinzani. Ila mimi ningepewa nichague wa kutundika, ningemchukua wa Hirschvogel, pamoja na shavu lake lililolegea na zile nywele chache za kando. Huyo angalau alikaa mbele ya mchoraji.

Nitajuaje kama picha yangu ni ya kale au imechapwa juzi? (Msomaji, Nairobi)

Itoe kwanza kwenye fremu. Fremu haithibitishi kitu, maana kuukuu hutiwa karatasi mpya kila siku. Kisha tafuta lenzi ya kukuzia na uangalie sehemu yenye kivuli, chini ya kidevu kwa mfano. Ukiona vitone vilivyojipanga kama vya picha ya gazetini, maneno yamekwisha: hiyo ni kazi ya mtambo wa kisasa. Mchongo wa bamba la shaba huonyesha mistari mitupu, inayonenepa na kukonda, na wino wake umeinuka kidogo juu ya karatasi.

Pitisha kidole pembezoni. Bamba la shaba hukandamizwa kwa nguvu hadi likaacha mfinyo wa mstatili kuizunguka picha. Mchongo wa mbao hauachi mfinyo huo, lakini mara nyingi hutolewa kitabuni, basi geuza nyuma uone kama kuna maandishi. Mwisho, inyanyue karatasi kwenye mwanga wa dirisha. Karatasi ya Ulaya ya karne ya 16 ina mistari myembamba iliyoachwa na nyaya za kalibu. Ikiwa laini tupu, haikutengenezwa zama hizo.

Na ikiwa mpya? Itundike tu, ilmradi hukulipa bei ya ya kale.

Baba hataki picha hii sebuleni. Anasema mtu huyu alichoma kitabu cha Ibn Sina, yule tabibu mkubwa wa Kiislamu. (Msomaji, Unguja)

Mzee hajasema uongo. Juni 1527, mjini Basel, Paracelsus alitupa kitabu hicho cha tiba kwenye moto wa sikukuu ya Mtakatifu Yohana. Alikuwa daktari wa mji, akifundisha kwa Kijerumani badala ya Kilatini, na alitaka wanafunzi wajifunze kwa wagonjwa badala ya vitabu vya kale. Mwaka uliofuata ilimbidi auhame mji. Ukitaka kumtetea kwa baba, mwambie ndiye aliyeandika mwaka 1538 kwamba kila kitu ni sumu, kinachotofautisha ni kipimo. Akikataa bado, sebule ni yake. Mpeleke Paracelsus chumbani kwako.

Imeota madoa ya kahawia. Nifute kwa kitambaa chenye maji? (Msomaji, Mombasa)

Usithubutu. Itoe kwenye ukuta unaopata unyevu, uondoe boksi lililowekwa nyuma, maana asidi yake hula karatasi, na umwambie fundi wa fremu aweke kadi isiyo na asidi na aache nafasi kati ya karatasi na kioo. Selotepu asiiguse kabisa. Madoa yaliyokwisha kuingia mwachie mtaalamu wa kuhifadhi karatasi, au yaache yalivyo.