Deki haisomi DVD uliyochoma? Jaribu hivi

Pole, ndugu yangu. Umesema video ya harusi ya mama na vipindi ulivyorekodi kwenye TV vinacheza vizuri kwenye kompyuta, ila deki ya nyumbani kule Temeke inakataa. Nadhani umechoma faili za MP4 (faili za video za kompyuta) kama zilivyo. Deki nyingi za zamani zinataka DVD-Video, yaani video ya mfumo wa MPEG-2 ndani ya folda ya VIDEO_TS.

Pakua DVDStyler, programu ya bure ya kutengeneza DVD. Chagua PAL (mfumo wa TV unaotumika kwetu), ingiza video, kisha tengeneza kwanza faili la ISO, yaani nakala ya DVD nzima ndani ya kompyuta, ulikague kwa VLC, programu ya kuchezea video, kabla ya kupoteza diski. DVD ya kawaida hubeba GB 4.7, ukizidisha saa mbili ubora wa picha unaanza kushuka, kwa hiyo harusi ndefu igawe diski mbili. Mimi huchoma DVD-R kwa kasi ndogo, 4x.

Tafadhali usifute faili la asili! Joto na unyevu wa Dar huharibu diski, weka nakala kwenye hard disk ya nje pia. Vipindi vya TV tazameni nyumbani tu, usiviuze. Na kama una mkanda wa VHS wenye ukungu, usiuchezeshe. Mpelekee fundi ausafishe kwanza.