Mtoto akikosea herufi, nimwambieje?

SWALI: Assalaam alaykum, Mhariri. Nasomesha darasa la maandalizi hapa Wete, Pemba. Mwanafunzi wangu mmoja wa miaka 5 huandika "nana" akikusudia "mama". Nikimwekea alama ya kosa kwa kalamu nyekundu, hulifunga daftari na siku hiyo haandiki tena. Wenzangu wananishauri nimsifu tu kwamba ana akili. Je, niyaache makosa yake?
Mwalimu, Wete

JIBU: Waalaykumu ssalaam, mwalimu. Usiyaache, kwani mtoto asiyerekebishwa huzoea kosa, na kulitoa baadaye ni kazi ngumu zaidi. Tatizo ni kwamba alama ile nyekundu haimwelezi la kufanya. Yeye huona amekataliwa, basi.

Chuchumaa mpaka macho yenu yalingane, umwoneshe kwanza kilichokaa sawa: "Hizi a zako umezifunga vizuri." Kisha mpe jambo moja tu: "Hebu tuhesabu vilima. Hii ina kimoja. M ya mama ina viwili. Cha pili tukiweke wapi?" Penseli ibaki mkononi mwake. Ukimwandikia wewe, herufi itakuwa nzuri lakini haitakuwa yake, na kesho utaikuta "nana" palepale.

Kuhusu sifa, nakuomba sana usifuate ushauri wa wenzako. Mwaka 1999 Melissa Kamins na Carol Dweck, watafiti wa Marekani, walichapisha matokeo ya majaribio waliyofanya kwa watoto wadogo kupitia hadithi zilizoigizwa kwa wanasesere: waliosifiwa nafsi zao, kwa maneno kama "wewe ni mtoto mzuri", walivunjika moyo zaidi walipokosea baadaye kuliko waliosifiwa kwa juhudi au kwa njia waliyoitumia. Aliyeambiwa ana akili huliona kosa kama ushahidi kwamba hana. Mwambie badala yake, "Umerudia mara tatu mpaka kilima kimesimama," maana hilo analiona kwa macho yake na anaweza kulifanya tena.

Najua darasa lina watoto wengi na mwalimu ni mmoja, kwa hiyo chagua wachache kila siku, wengine wafuate kesho. Kalamu nyekundu iache ofisini. Weka nukta ndogo ya penseli chini ya herufi ya kurejewa. Na mzazi akija kumchukua, mwambie, mtoto akisikia, kile alichokirekebisha leo.