Usisubiri mtoto akwambie haoni

Msomaji mmoja kaniandikia kwamba mwanawe wa miaka mitatu huinamisha kichwa upande akitazama katuni, na bibi mtu anasema ni mapozi. Dada, nilishakujibu kwamba apimwe macho, ila jibu lenyewe nalileta hapa kwa sababu mko wengi.

Binti yangu alikuwa na miaka minne. Tukicheza, nikamziba jicho la kushoto kwa kiganja, akaendelea kucheka. Nikamziba la kulia, akanisukuma mkono kwa hasira. Nikarudia, ikawa vile vile. Ukweni wakasema namtafutia mtoto ugonjwa. Wifi akaongeza kuwa miwani itamharibia soko. Mtoto wa miaka minne, soko! Hilo bado halijanitoka.

Nikampeleka hospitali ya CCBRT, Msasani, Dar es Salaam. Wakamtia matone ya kupanua mboni, maana bila matone jicho la mtoto hujikaza na kipimo kinadanganya. Jicho la kulia zima, la kushoto linahitaji miwani ya namba kubwa, yaani yenye nguvu, na ubongo ulishaanza kulipuuza. Ndiyo maana hakuwahi kulalamika: jicho moja lilimtosha, naye alidhani watu wote wanaona hivyo. Akapewa miwani, kisha plasta ya kuziba lile jicho la kulia lililo zima kwa saa kadhaa kila siku, ili lile vivu lilazimike kufanya kazi. Vilio vya plasta sivisimulii.

Mwezi uliopita jicho lile vivu limesoma mstari wa 6/9, yaani karibu na uoni wa kawaida, ambao ni 6/6. Nilitamani wifi awepo.

Sasa nyie mnaojinyima mlipe ada za shule za gharama: mtoto asiyeona ubao ada yake inakwenda wapi? Mpimeni kabla hajaanza darasa la kwanza, kwa sababu jicho vivu hutibika vizuri zaidi kabla ya miaka saba. Mzibe jicho moja moja nyumbani. Makengeza yakizidi miezi minne tangu kuzaliwa, msiyaite urembo. Na ukimpiga picha kwa flashi, mboni ikatoka nyeupe, nenda hospitali kesho asubuhi. Huenda ni mtoto wa jicho, au saratani ya jicho, ambayo huwapata zaidi watoto walio chini ya miaka mitano. Maziwa ya mama jichoni hayatibu lolote kati ya hayo, hata akisema bibi.

Mkienda kupima, mbebee kofia. Matone yale hufanya jua limuumize siku nzima, na daftari la karibu halioni vizuri, kwa hiyo kazi za shule ziacheni hadi kesho yake.