Badili Wati Kwanza, Ndipo Utoe Hela

Juzi msomaji mmoja kaniandikia: "Kaka, nimenunua inveta ya 2 kW. Birika langu la umeme limeandikwa 2200 W. Itabeba?" Inveta ni kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri au sola uwe kama wa ukutani. Dukani walimwambia inabeba kila kitu. Kilowati moja ni wati 1,000, kwa hiyo inveta yake mwisho wake ni wati 2,000. Birika peke yake limeshaipita, na hapo hajawasha hata taa.

Ujumbe huo umenitonesha kidonda. Nilipokuwa kibarua kwa mkandarasi mmoja wa sola, tulipata kazi ya pampu ya kisima. Mteja alisema mota yake ni "moja na nusu", ofisini wakachukulia HP 1.5 (HP ni nguvu-farasi, kipimo kingine cha nguvu ya mota) na vifaa vikanunuliwa hivyo. Tulipofika saiti nikapangusa vumbi kwenye kibati cha mota, nikasoma: 1.5 kW, 2 HP. HP moja ni kama wati 746, kwa hiyo HP 1.5 ni wati 1,119 tu. Nikamwambia bosi. Akanijibu mbele ya wenzangu kwamba hesabu niwaachie walimu. Pampu ikafungwa hivyohivyo. Ikawa inaguna, inazima, inaguna, inazima. Hakuna aliyeniambia hata pole, na mpaka leo linaniuma.

Sasa najitegemea. Wiki iliyopita nimekabidhi pampu ya kilowati 5.5 shambani kwa mteja aliyenichagua kwa sababu nilimwandikia kila kifaa kwa wati, karatasi moja, akaelewa mwenyewe. Najivunia kazi ile.

Ndugu zangu mafundi, someni kibati! Wati kwenda kilowati, gawanya kwa 1,000. Kilowati kwenda megawati, gawanya tena kwa 1,000. Bwawa la umeme la Julius Nyerere ni megawati (MW) 2,115, yaani mitambo 9 ya MW 235 kila mmoja. Kwa kilowati ni 2,115,000. Hesabu ni ileile ya birika. Herufi nazo ziheshimuni: mW ni sehemu ya elfu ya wati, MW ni wati milioni. Fundi anayeandika ovyo kwenye ankara anamwibia mteja, hata kama hakukusudia.

Na msichanganye kilowati na uniti za LUKU. Uniti ni kilowati-saa: kifaa cha wati 1,000 kikivuta umeme saa nzima bila kukatika, kimekula uniti moja. Cha wati 500 kitaimaliza kwa saa mbili. Mwelezeni mteja hivyo kabla hajatoa hela yake.