Mnada wa Briji Hauishi Karata ya Kwanza Inapochezwa

Kwa miaka kadhaa ya mwanzo niliucheza mchezo wa briji, ule wa karata ambao wenza wawili hushindana na wenza wawili, kana kwamba ni michezo miwili tofauti. Nilinadi kwa makini, yaani kuahidi idadi ya mizunguko tutakayoshinda (katika kila mzunguko kila mchezaji huweka karata moja), kisha zilipotoka pasi tatu za mwisho nikayasahau yote yaliyosemwa na kuanza kuhangaika na karata zilizo mbele yangu. Nilipoteza mikataba mingi, yaani ahadi za mwisho za mnada, kwa kosa hilo hilo, na nilichelewa kutambua kwamba ni kosa, kwa kuwa kila mara nilijiambia kuwa karata zimekaa vibaya. Ushauri wangu mkubwa kwa anayejifunza ni kwamba kila neno la mnada, hasa pasi, ni ushahidi unaopaswa kubebwa hadi karata ya mwisho.

Nitaeleza mgao mmoja kwa kirefu, kwa sababu ndio ulionibadilisha.

Nilikaa Kusini. Magharibi ndiye aliyegawa karata, na akasema pasi. Mwenzangu wa Kaskazini akapita, na Mashariki vilevile. Mkononi nilikuwa na shupaza ree, ghulamu, 10, 8 na 4. Kopa ghulamu na 4. Uru mfalme, malkia, ghulamu na 3. Pau ree na 6. Kwa hesabu ya kawaida, ambapo ree ni pointi 4, mfalme 3, malkia 2 na ghulamu 1, nilikuwa na pointi 16. Nikafungua kwa shupaza moja, yaani ahadi ya mizunguko 7 (nambari ya mnada huongezwa sita) shupaza zikiwa turufu, aina inayozishinda nyingine zote, na mwenzangu akapandisha hadi shupaza mbili, yaani ana shupaza zisizopungua tatu na pointi kama 6 hadi 9.

Hapo palihitaji uamuzi. Tangu kanuni za alama alizozipanga Harold Vanderbilt mwaka 1925, anayeshinda mizunguko 10 bila kuwa ameiahidi hapati tuzo ya geimu, yaani zawadi ya mkataba mkubwa. Mkataba wa shupaza tatu ukizaa mizunguko 10 unalipa alama 170 tu. Mizunguko ileile katika shupaza nne inalipa 420, au 620 kwa upande ulio hatarini, hali iliyopangwa kabla ya mgao ambamo tuzo na adhabu huwa kubwa zaidi. Kwa hiyo kunyamaza nako kuna gharama. Hata hivyo, pointi zetu zingeweza kuwa 22 tu, na mimi peke yangu sikuweza kujua. Nikanadi shupaza tatu ili mwenzangu aamue, naye akaenda nne. Alikuwa na pointi 8, na mpaka leo nausifu uamuzi wake, kwa sababu hakutazama idadi peke yake. Mfalme mmoja alikuwa katika turufu yangu, na pointi tano zilizobaki zilikuwa mfalme na malkia wa pau, wamekaa pamoja katika aina yenye karata tano. Pointi hizohizo 8 zikiwa ni malkia na maghulamu waliotawanyika huku na huko, pasi ingekuwa jibu sahihi.

Magharibi akaanza kwa ree ya kopa. Mwenzangu akalaza karata zake mezani ili mimi nizicheze pamoja na zangu: shupaza mfalme, 9 na 3, kopa 9, 6 na 3, uru 8 na 5, pau mfalme, malkia, 8, 4 na 2. Magharibi akaendelea na mfalme wa kopa, kisha akacheza kopa ndogo. Mashariki akaweka malkia, nami nikaikata, yaani nikaishinda kwa turufu, kwa shupaza 4. Mizunguko miwili ilikuwa imekwenda, na ree ya uru ingechukua wa tatu. Mkataba wote ukabaki juu ya malkia wa shupaza.

Tulikuwa na turufu nane, wapinzani tano. Kwa kuwa nilikuwa na ree, ghulamu na 10 upande mmoja, na mfalme na 9 upande wa pili, ningeweza kumtega malkia kwa yeyote kati ya wale wawili. Ningecheza mfalme kwanza kisha kupenyeza 10 kutoka mkononi mwangu (kuicheza nikitumaini kwamba malkia yuko kwa aliyekwisha kucheza) iwapo malkia yuko Mashariki, au ree kwanza kisha kupenyeza 9 ya mezani iwapo yuko Magharibi. Ukitazama turufu peke yake, huna sababu ya kuchagua upande mmoja na kuuacha mwingine. Zamani ningezivamia turufu papo hapo, kwa kuwa nilikuwa nimefundishwa kwamba turufu za wapinzani huondolewa mapema, na ningekisia. Safari hii nilisita na kujiuliza ni nini Magharibi alikuwa ameshasema.

Alikuwa amesema pasi, tena akiwa wa kwanza kunadi. Ree na mfalme wa kopa ni pointi 7. Ikiwa ana ree ya uru pia, anafika 11, na malkia wa shupaza juu yake angempeleka 13, ambazo karibu kila mchezaji hufungua nazo mnada. Kwa hiyo kabla ya kugusa turufu nilihitaji kujua ree ya uru iko wapi. Nikacheza mfalme wa uru kutoka mkononi. Magharibi akamchukua kwa ree na kurudisha uru, nami nikashinda kwa malkia. Sasa sikuwa nakisia tena. Nikacheza shupaza 8 kwa mfalme wa mezani, wote wakafuata. Nikaita shupaza 3 kutoka mezani, Mashariki akaweka 6, nami nikaweka 10. Magharibi akafuata na karata ndogo. Ree yangu ikamwangusha malkia wa Mashariki. Baada ya hapo ilikuwa kazi ya kuhesabu tu: ghulamu wa uru, ree, mfalme na malkia wa pau, ambaye juu yake nilitupa uru 3, na mwisho nikaikata pau ya nne kwa ghulamu wa shupaza. Mizunguko ikatimia 10.

Ningependa msomaji aushike mpangilio wa hatua hizo: uru kwanza, turufu baadaye. Penye karata mbili za kutafutwa, mojawapo ikiwa lazima uipoteze, ianze hiyo, kwa sababu mahali ilipo patakuambia habari za nyingine. Kuchelewesha turufu kuna hatari yake, hasa wapinzani wanapoweza kukata karata zako nzuri, kwa hiyo huwa naipima hatari hiyo kwanza. Hapa ilikuwa ndogo.

Hesabu hiyo hufanya kazi pia pale mpinzani anapofungua. Karata zote zina pointi 40. Wewe na mwenzako mkiwa na 26, zimebaki 14, na aliyefungua akiwa na angalau 12 huwezi kumpa yule mwingine zaidi ya malkia mmoja au maghulamu wawili. Ikifika hapo, ule uwezekano wa nusu kwa nusu wa kupenyeza karata haukuhusu tena. Mfalme unayemtafuta yuko kwa aliyefungua, na ukiona hapenyezeki tafuta njia nyingine.

Upande wa kunadi, kosa langu lililoniuma zaidi lilikuwa kusema mkono uleule mara mbili. Nilifungua kopa tatu nikiwa na kopa saba na karibu hakuna kingine. Wapinzani wakafika shupaza nne, mwenzangu akapita, nami nikajiona shujaa na kunadi kopa tano. Wakaniongezea maradufu, yaani wakazidisha adhabu, nikaanguka kwa mizunguko mitatu, alama 500, ingawa hatukuwa hatarini. Mwenzangu alikuwa ameshika mizunguko minne ya hakika dhidi ya shupaza, kwa hiyo wasingeifikia 10 yao. Yeye alijua mkono wangu tangu neno langu la kwanza. Mimi sikujua wake. Anayefungua kwa kiwango cha juu akiwa dhaifu amekwisha kusema yote, na uamuzi wa baada ya hapo ni wa mwenzake. Sijawahi kurudia kosa hilo, na simshauri mtu yeyote alijaribu hata mara moja.

Jambo jingine ni la uadilifu, nalo huwasumbua wanaoanza. Mwenzako akisita kabla ya kusema pasi, kusita kwake si taarifa yako. Sheria za briji zinakukataza kuchagua hatua ambayo kusita huko ndiko kumekudokezea, iwapo palikuwa na hatua nyingine ya maana. Kusita kwa mpinzani unaruhusiwa kukutafakari, kwa hatari yako mwenyewe. Kwa sababu hiyo najitahidi kunadi kwa mwendo mmoja, na muda wangu wa kufikiri nauweka pale usipomdokezea mtu chochote: karata za mezani zinapolazwa, kabla sijaita hata moja. Hapo huurudia mnada wote kimoyomoyo, nikianza na yule aliyepita kwanza.