Las Vegas na vijana wako: lala mjini, amkia jangwani

Ukishuka tu kwenye ndege Las Vegas, kabla hata hujafuata mabegi yako, unazikuta mashine za kamari. Zimepangwa pale pale kwenye kumbi za kusubiria ndege, zinawaka taa na kupiga kelele, na watu wazima wamezikalia wamezikodolea macho, masanduku katikati ya miguu. Kijana wangu wa miaka 14 alisimama akatazama, kisha akaniuliza, "Mama, hii si ndiyo kama mikeka ya kubeti ya kina kaka kule Dar?" Nikamwambia ndiyo, ni ukoo mmoja. Hapo hapo nikajua kwamba safari hii haitakuwa ya kuwaziba watoto macho.

Sisi tunaishi Houston, na tulikwenda Machi 2025, likizo fupi ya shule, mimi, mume wangu, huyo kijana na dada yake wa miaka 16. Kabla hatujaondoka, mama mmoja wa jumuiya yetu aliniita pembeni akaniuliza kwa upole, "Dada, watoto unawapeleka wapi huko?" Wasiwasi wake ninauelewa. Tangu turudi nimeulizwa swali hilo hilo na wengine, ndiyo maana ninaandika. Ningeenda tena, na watoto wale wale. Lakini kuna namna ya kuupanga mji ule, usipoupanga wewe unakupanga wenyewe.

Jambo la kwanza kulielewa ni jinsi hoteli zake zilivyojengwa. Kutoka mapokezi kwenda kwenye lifti unapita kasino. Kwenda kwenye bwawa la kuogelea unapita kasino. Ukitaka chai asubuhi, unapita kasino. Sheria ya jimbo lao, Nevada, inasema asiyefikisha miaka 21 hachezi kamari. Watoto wanaruhusiwa kupita wakiwa na wazazi, ila hawaruhusiwi kusimama. Sisi tuliligundua hilo usiku wa kwanza. Binti yangu aliinama kufunga kamba ya kiatu, kando ya mashine moja yenye picha ya nyati wa dhahabu. Hata hajamaliza fundo, mlinzi amefika. Hakuwa mkali, alisema tu, "Mama, naomba watoto waendelee kutembea." Lakini binti aliona haya mpaka machozi yakamlengalenga, kama vile ameshikwa anaiba. Nilijilaumu kwa kutomweleza mapema. Waelezeni watoto wenu kabla hamjaingia mlangoni: hapa tunapita, hatusimami, hatupigi picha, na mtu akituambia tusogee si kwamba tumekosa adabu.

Halafu kuna moshi. Nevada imezuia sigara sehemu nyingi za ndani, ila kwenye kumbi za kamari bado watu wanavuta. Kijana wangu ana pumu. Siku ya pili alikuwa anakohoa, nami nikafanya uamuzi ambao ningeufanya tangu mwanzo: tukahama. Zipo hoteli zisizo na kasino kabisa, nyingine ziko barabara ile ile kuu wanayoiita Strip, na baadhi zina vyumba vyenye jiko dogo. Tulipata ya namna hiyo. Usiku ule tulipika wali na maharage, tukala tumekaa chini kwenye zulia huku taa za mji zikiwaka dirishani, na nilihisi kwamba sasa ndiyo likizo imeanza.

Kuhusu pesa nitasema kwa kifupi. Hoteli yetu ya kwanza niliiona mtandaoni kwa dola 79 kwa usiku. Tulipofika wakaongeza kile wanachokiita ada ya risoti, dola 45 kila usiku, kodi juu yake, na maegesho ya gari pembeni. Tangu Mei 2025 kanuni mpya ya serikali ya Marekani inazitaka hoteli zionyeshe bei ikiwa na ada hizo za lazima tangu mwanzo, lakini maegesho yaulizie mwenyewe. Na kama unaweza, lala Jumapili hadi Alhamisi. Ijumaa na Jumamosi bei zinaruka.

Sasa nirudi kwenye kamari yenyewe, maana hapa ndipo wazazi wengi tunapokaa kimya, na ukimya wetu ndio unaoniogopesha. Binamu zao kule nyumbani wanabeti kwa simu. Mkeka ukichanika wanacheka, kesho wanaweka mwingine, na ada ya chuo inapungua bila mtu kusema. Watoto wangu wameyaona hayo tulipokwenda likizo. Kwa hiyo asubuhi ya tatu, mezani, nilichukua karatasi ya kufutia mikono na kalamu, nikawachorea gurudumu la ruleti, ule mchezo wa kubahatisha kijimpira kitaangukia kishimo gani, kama linavyokuwa kwa kawaida Marekani. Lina vijishimo 38: vyekundu 18, vyeusi 18, na viwili vya kijani. Nikawauliza: ukiweka dola moja kwenye nyekundu mara 38, ukishinda unapata dola moja, ukiliwa unapoteza moja, kwa wastani utashinda mara ngapi? Kijana akasema 18. Utaliwa mara ngapi? Akahesabu vidole, akasema 20. Basi umebaki na hasara ya dola mbili, na hakuna aliyekuibia. Vijishimo viwili vya kijani ndivyo vilivyojenga hoteli zote hizi unazoziona dirishani.

Binti akakaa kimya kidogo, kisha akauliza, "Kwa hiyo anayecheza muda mrefu ndiye anayeliwa zaidi?" Ndiyo, mwanangu. Ndiyo maana vinywaji wanaletewa bure walipokaa. Akaikunja ile karatasi akaitia mfukoni, na mwezi uliofuata niliikuta ameibandika juu ya meza yake ya kusomea. Kanisani tunawafundisha watoto kwamba kamari haifai, na ninasimama pale pale, lakini mtoto aliyeiona hesabu kwa kalamu yake mwenyewe ana kitu cha kujibu wenzake wanapomshawishi.

Ratiba yetu ikawa hii: asubuhi tunatoka nje ya mji, jioni tunarudi kutazama taa, saa 4 usiku tuko chumbani. Watoto walio chini ya miaka 18 wakiwa peke yao hawaruhusiwi kuzurura Strip usiku, kwa hiyo hata ukitaka kuwapa uhuru kidogo, uwe wa mchana. Na muwe pamoja. Njiani kuna watu waliovaa mavazi ya katuni au manyoya ya wacheza shoo. Wanamkumbatia mtoto bega, picha inapigwa, kisha wanadai dola 20. Unakataa mapema, kwa heshima, na unaendelea kutembea.

Asubuhi yetu iliyonikaa moyoni ni ya bwawa la Hoover, kama mwendo wa dakika 45 kwa gari. Fikeni mapema, magari yanakaguliwa kabla ya kuingia na foleni inakua haraka. Ukuta wake una urefu wa mita 221 kwenda juu, ulianza kujengwa 1931, na Rais Roosevelt akauzindua Septemba 1935. Unasimama katikati, mguu mmoja Nevada na mwingine jimbo jirani la Arizona. Minara miwili ina saa, mmoja wa saa za Nevada na mwingine wa saa za Arizona, na kijana wangu alikuwa na hamu ya kuona saa nzima ya tofauti. Akakuta zinalingana. Arizona haisogezi saa zake, Nevada inasogeza zake saa moja mbele Machi, kwa hiyo kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Novemba hakuna tofauti. Alisikitika, lakini somo hilo halisahau. Baba yake naye alikuwa na lake: alisoma bango akagundua mitambo ile ina uwezo wa takriban megawati 2,080, akageuka kwa furaha akasema Bwawa la Nyerere kule Rufiji ni megawati 2,115. Aliwaambia watoto mara tatu. Wajue.

Mkitoka hapo msirudi mjini moja kwa moja. Simameni Boulder City, mji uliojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa bwawa. Kamari imepigwa marufuku pale tangu enzi hizo mpaka leo, na ni jambo la nadra sana Nevada. Utashangaa masikio yanavyopumzika. Kuna bustani inaitwa Hemenway, inayotazama Ziwa Mead, na kondoo pori wa jangwani hushuka mlimani kuja kula majani yake. Tuliwakuta kama kumi na watano. Dume mmoja, pembe zimejikunja kama gamba la konokono, alikuwa anatafuna hatua chache kutoka kwenye benchi letu, unasikia kabisa majani yanavyokatika. Vijana wangu wawili, ambao simu haziwatoki mkononi, walikaa karibu saa nzima bila kusema neno. Msiwalishe na msiwasogelee.

Red Rock Canyon, bonde la miamba myekundu, iko upande wa magharibi, karibu zaidi. Barabara yake ya kuzunguka ni kilomita 21 na inakwenda upande mmoja tu. Kati ya Oktoba na Mei lazima uweke nafasi mtandaoni kwa saa maalumu, vinginevyo mnarudishwa getini. Bebeni maji kuliko mnavyodhani mnahitaji. Julai na Agosti mimi singewapeleka watoto kutembea jangwani kabisa: nyuzi 40 ni kawaida, na tarehe 7 Julai 2024 mji ulivunja rekodi yake kwa nyuzi 48.9.

Jioni zilikuwa za chemchemi za hoteli ya Bellagio, ambazo unazitazama bure ukiwa kando ya barabara, maji yakicheza kwa muziki kila robo saa usiku. Ila ukinipa jioni moja tu, nitakwenda Neon Museum. Ni uwanja wa mabango ya zamani ya taa, na jua linapozama yanawashwa. Hapo kuna bango la Moulin Rouge, maandishi ya waridi yanayojikunja. Hoteli hiyo ilifunguliwa Mei 1955, na ndiyo hoteli ya kwanza yenye kasino mjini pale kupokea weusi na weupe pamoja. Kabla yake, wanamuziki weusi kama Nat King Cole na Sammy Davis Jr. walijaza watu kumbi za Strip, na wakishuka jukwaani walikwenda kulala upande wa magharibi wa reli, kwa sababu hoteli walizoimbia haziwapi chumba. Mwaka haujaisha, Moulin Rouge ilikuwa imeshafungwa. Lakini ni ndani ya jengo hilo hilo, Machi 1960, viongozi wa weusi na wenye hoteli walipokubaliana kuondoa ubaguzi kwenye Strip.

Binti yangu alisimama mbele ya taa zile muda mrefu. Kisha akaniuliza kama hoteli yetu ya kwanza, ile ambayo mlinzi alimwambia asogee, ingempokea bibi yake mwaka ule. Nikamwambia hapana. Tulirudi kwa basi, lile la ghorofa linalopita Strip usiku na mchana, tumekaa viti vya mbele kabisa juu, naye akaegemea bega langu kama alivyokuwa akifanya akiwa mdogo.

Hatukuwahi kufika Valley of Fire, bustani ya miamba myekundu yenye michoro ya kale, kama saa moja kaskazini-mashariki. Siku zilituishia. Kijana ameshaiandika kwenye kalenda ya jikoni, wiki ya likizo ya Novemba, na pembeni ameandika kwa herufi kubwa: HOTELI ISIYO NA KASINO.